Shea, nazi, na ile sabuni iliyoning'ata

Mi kwetu Tanga mafuta ya mwili ni ya nazi, unakuna, unakamua tui, unalichemsha mpaka maji yaishe, basi umemaliza. Sasa Idi iliyopita wifi yangu anayeishi Kampala akaniletea kopo la shea isiyosafishwa, yale mafuta ya kokwa za mti wa shea, bibi akalinusa akaniangalia, "Weye mwana, minazi yote hii imekushinda mpaka utake mafuta ya mti wa watu?" Sikuwa na jibu nikapaka hivyohivyo, na miguu yangu iliyokuwa na magaga tangu kaskazi ianze ikalainika ndani ya wiki moja tu, ndo hapo nikawa mlevi wa shea.

Kumbe ziko za aina mbili. Mti ni huohuo ila ule wa Uganda kaskazini na Sudan Kusini ni tofauti kidogo na wa huko Ghana, Burkina Faso na Mali. Ya Uganda ni laini sana, kwa joto la Tanga mchana unaikuta imeshakuwa uji ndani ya kopo. Ya magharibi ni ngumu, inabidi uisugue kwanza viganjani, na inanukia moshi kwa sababu kule kina mama wanakaanga kokwa kabla ya kusaga na kuipigapiga na maji kwa mkono. Harufu hiyo wengine hawaiwezi, mi naipenda.

Kwenye kununua mi natanguliza pua. Shea nyeupe pee isiyo na harufu hata chembe hiyo imeshapita kiwandani, si mbaya, ila usiuziwe kwa bei ya isiyosafishwa. Ya asili ni rangi ya maziwa mtindi au kijivu kidogo au manjano ya mbali, inanukia kama karanga. Ile ya manjano ya kung'aa uliza vizuri, maana kuna wanaotia rangi kwa mizizi, halafu watu wanaamini ya manjano ndo bora zaidi (sijui nani aliwaambia). Na ikinuka kama mafuta ya kukaangia mihogo ya wiki iliyopita, rudisha, hiyo imeshaharibika hata kama muuzaji anakuapia.

Ukiona imefanya chengachenga kama mchele usitupe. Hapa kwetu mchana inayeyuka usiku inaganda polepole, ndo inafanya vile. Weka kopo kwenye sufuria ya maji ya moto iyeyuke yote kabisa, halafu haraka kwenye friji. Ukiiacha ipoe yenyewe zinarudi palepale. Na jamani shea haizuii jua kama wanavyosema, inasaidia kidogo mno, ufukweni Raskazone saa 7 mchana utaungua tu. Kama wewe ni mtu wa kudhurika na karanga au korosho jaribu kwanza kidogo mkononi.

Haya sasa sabuni, hapa ndo nimelia. Nilikuwa na resipi yangu ya siku zote, mafuta ya nazi kilo 1, kostiki (ile soda kali ya kutengenezea sabuni) gramu 174, sabuni inatoka safi ina povu zuri. Nikasema ngoja niongeze raha, nikatoa nazi gramu 300 nikaweka shea gramu 300, kostiki nikaacha vilevile, si mafuta ni mafuta? Sio. Gramu moja ya nazi inataka kostiki 0.183, ya shea inataka 0.128 tu. Mahesabu niliyoyafanya baada ya kuwashwa yakaniambia mafuta yale yote yangekula gramu 166 na ushee, kwa hiyo gramu kama 7 za kostiki zilibaki zinazurura ndani ya sabuni hazina cha kula, zikanila mimi. Mikono ilikuwa myekundu siku mbili. Sabuni yenyewe nimeikwangua nasugulia sakafu, na glavu nimevaa.

Na hata ningepiga mahesabu sawa, 300 ni nyingi mno, povu linakuwa zito zito halafu dogo. Siku hizi siivuki 150 kwenye kilo ya mafuta.

Kitu kingine kilichoniuma ni hiki, ukiweka shea mwanzoni pamoja na mafuta mengine kostiki haichagui, haisemi hii ya bei nitaiacha nile nazi, inakula yote. Kwa hiyo mi sasa napika sabuni kwa moto mdogo mpaka kostiki iishe kazi, nazi inatangulia peke yake, halafu mwishoni ndo nakoroga shea vijiko viwili vitatu nikitia kwenye boksi la kugandishia. Hiyo inabaki shea kweli. Na yale ya kawaida mnayajua, kostiki ndo inaingia kwenye maji sio maji kwenye kostiki, na sufuria ya alumini weka mbali kabisa, inaliwa mpaka inatoboka.

Ya juzi iko juu ya kabati inakauka, nitaiacha wiki 4 japo ingeogewa hata leo. Bibi bado anapaka nazi yake, ila lile kopo la Kampala kila nikilifungua nakuta alama ya kidole ambacho si changu.