Nilitagi watu 24 kwa mpigo: nilivyojifunza kuwaita watu kwenye posti za kazi

Ujumbe uliingia saa mbili asubuhi. Nilikuwa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, nimekaa juu ya gunia nikisubiri zamu yetu kwenye mizani. "Binti, habari za asubuhi. Naomba uniondoe kwenye posti yako ya jana. Ofisini wameniuliza kama nimethibitisha bidhaa yenu, na sijaithibitisha. Asante."

Niliusoma mara tatu. Mzee huyu ndiye aliyetufundisha kukausha dagaa bila mchanga, siku mbili nzima, bure, chini ya mti kwenye mwalo wetu wa Igombe, pale mitumbwi inapotua. Nilimtagi, yaani niliunganisha jina lake na posti yangu, kwa shukrani, na shukrani yangu ikamfikisha mbele ya wakubwa wake kujieleza.

Mimi ndiye ninayeshika simu ya kikundi. Tuko akina mama 22. Tunanunua dagaa wabichi alfajiri mitumbwi ikiingia, tunaanika kwenye chanja, yaani meza za waya na neti zilizoinuliwa kutoka chini, tunachambua, tunafungasha kwenye pakiti za nusu kilo na kilo. Facebook na Instagram tulikuwa nazo tangu mwanzo. LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi, tulijiunga baadaye, kwa sababu watu wanaonunulia hoteli, shule na maduka makubwa wengi niliwakuta huko, wakiwa na majina yao kamili na vyeo vyao.

Posti yenyewe ilikuwa picha ya chanja mpya, sentensi mbili za kujisifu, kisha chini yake msururu wa majina 24. Kila niliyemfahamu mwenye cheo nilimweka: viongozi, wafanyabiashara, waandishi wa habari, mpaka mtu niliyekutana naye mara moja kwenye maonyesho. Nilipiga hesabu kwamba kila mmoja ana watu wake, kwa hiyo posti itafika mbali. Jioni yake nikakuta wawili wamejiondoa kimya kimya, maana LinkedIn inamruhusu mtu kufuta jina lake kwenye posti ya mwingine. Mmoja aliandika "Hongereni." Oda haikuja hata moja. Asubuhi ndiyo ule ujumbe ukaingia.

Nilifuta jina lake palepale, kisha nikampigia, kwa sababu jambo la namna hii kulimaliza kwa maandishi niliona ni utovu wa adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Usiogope, sijakasirika."

Akanieleza taratibu. Jina lake likikaa peke yake chini ya picha ya bidhaa, msomaji analiona kama muhuri. "Ungeandika nilifundisha nini na lini, ningekushukuru. Ila umeniweka pale kama shahidi, na wewe hukuniuliza nashuhudia nini."

Neno hilo, shahidi, ndilo lililobadilisha kazi yangu yote ya mitandao. Tangu siku ile kila jina ninalotaka kuweka naliuliza: huyu nimemwita aje aseme nini? Nikikosa jibu, jina halikai. Waliokuwa na jambo lao kwenye picha ile walikuwa watatu tu: mzee wetu, fundi aliyechomelea frem za chanja, na nahodha anayetuletea dagaa. Na wawili kati ya hao watatu sikuwa nimewataja kabisa, kwa sababu hawana vyeo. Hilo liliniuma kuliko ule ujumbe wa asubuhi.

Posti iliyofuata niliiandaa kwa siku nne. Kwanza niliwaandikia wahusika mmoja mmoja, nikiwatumia picha yenyewe na sentensi yenyewe itakayobeba jina lao, ili mtu asikubali asichokiona. Kwa fundi niliandika: "Kaka habari za leo. Nataka kuweka picha hii Facebook. Nitaandika kwamba frem umechomelea wewe na kwamba wewe ndiye ulitushauri kuinua chanja hadi kiunoni. Naweza kukutagi? Kuna chochote nirekebishe?" Alijibu kwa sauti, nyuma yake grenda inalia: "Weka dada, lakini sema ni Igogo, wateja wajue nilipo." Mwenyewe nisingewaza kuweka Igogo.

Mzee alirekebisha zaidi. Alinitaka niandike "alitufundisha" badala ya "mtaalamu wetu", na mwezi wa mafunzo uwepo. Cheo chake na ofisi yake akasema tuviache, jina linatosha. Niliheshimu.

Kulikuwa pia na mama mmoja wa kikundi, yuko mbele kabisa kwenye picha, anacheka, picha imependeza kwa ajili yake. Nilipomuuliza alinivuta pembeni ya chanja akasema kwa sauti ya chini, "Picha sawa mwanangu. Jina usiweke, na usiseme ni Igombe." Sikumuuliza sababu, na picha ile sikuitumia, kwa sababu posti nzima ilikuwa inataja Igombe. Tukapiga nyingine inayoonyesha mikono tu, imeshika dagaa. Hapa nchini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na jina la mtu na sura yake ni taarifa zake. Lakini hata kabla ya sheria, mtu aliyekwambia hapana kwa sauti ya chini ana sababu yake, na kutagi humfikisha kwa watu ambao wewe huwajui hata mmoja.

Upande wa ufundi wa simu nitausema kwa kifupi, kwa kuwa niliukosea mara mbili na najua wengi hukosea hapohapo. Niliandika posti kwenye WhatsApp nikaituma kwa mwenyekiti aikague, kisha nikainakili nzima na kuibandika LinkedIn, majina yakiwa na alama ya @ mbele. Yalibaki maandishi matupu. Hayakubonyezeka na hakuna aliyepata taarifa. Alama ya @ unaiandika ndani ya mtandao wenyewe, unaanza herufi za kwanza za jina, unasubiri orodha ishuke, ndipo unachagua. Jina likishakamatwa utaliona limebadilika sura. Lisipobadilika, hujamtagi mtu. Na hashtegi haifanyi kazi hiyo: #dagaa inaiweka posti pamoja na nyingine za mada hiyo, haimgongei mtu yeyote mlango.

Kosa la pili lilikuwa kwenye orodha yenyewe. Nahodha wetu ana majina mawili ambayo Kanda ya Ziwa nzima utayakuta, na mimi nilibonyeza la kwanza lililojitokeza. Dakika chache baadaye akaniandikia mtu wa Arusha, mwalimu wa sekondari, akiuliza kwa upole dagaa hawa wanamhusu nini. Sasa kabla ya kuchagua natazama picha, kazi na mji. Nikiwa bado na shaka naingia kwanza kwenye profaili. Kampuni na taasisi ni vivyo hivyo, kuna kurasa mbili tatu za jina moja, na nyingine aliifungua mfanyakazi aliyekwisha kuondoka, hakuna anayeifungua tena.

Lipo jambo jingine ambalo wenzangu wa rika langu wanalipuuza. LinkedIn na Facebook, ukishamtagi mtu unaweza kufuta jina la pili likabaki la kwanza tu. Kwa rafiki inapendeza. Kwa mtu aliyekuzidi umri, jina tupu mbele ya watu wote ni kumvunjia heshima, hata kama mitandaoni watu wamezoea. Kwa hiyo majina ya wakubwa nayaacha kamili, na mbele yake naweka neno langu: mzee wetu, mama yetu, mwalimu wetu. Neno hilo linakaa nje ya tagi, mtandao hauna habari nalo, lakini mwenye jina analiona.

Posti ya Facebook ilitoka hivi, nainakili bila majina:

"Mwaka jana tulikuwa tunaanika mchangani. Mteja akitutumia picha ya mchanga uliobaki chini ya sufuria, hatukuwa na la kumjibu. Mwezi wa pili mzee wetu @… alitufundisha hapa Igombe kwa siku mbili namna ya kukausha juu ya chanja. Frem hizi zimechomelewa na @… wa Igogo, naye ndiye aliyesema ziinuliwe hadi kiunoni ili mama asiiname siku nzima. Dagaa wenyewe wametoka kwenye mtumbwi wa nahodha @…, waliingia saa kumi na moja alfajiri. Fundi, watu wanatuuliza kwa nini umeweka waya chini na neti juu. Tueleze."

Majina ni matatu, na kila moja liko ndani ya sentensi ya kazi yake. LinkedIn niliweka maneno hayohayo, ila nilimtagi mzee peke yake, kwa kuwa fundi na nahodha hawako huko. Majina yao niliyaandika kawaida. Hatutagi mtu mahali ambapo hayupo, na hatumfungulii mtu akaunti kwa nguvu ili atagike.

Sentensi ile ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Mtu aliyetagiwa bila kuulizwa kitu atabonyeza laiki na kuondoka. Fundi aliulizwa jambo analolijua kuliko sisi sote, akaandika komenti ndefu: waya wa kuku unabeba uzito, neti inazuia dagaa wadogo wasidondoke, na upepo unapita chini ukikausha pande zote mbili. Akaeleza na nafasi za miguu ya chanja. Watu wakamuuliza, naye akawajibu. Mmoja wa Musoma akataka bei, na wiki ile fundi akapata oda ya chanja sita. Alikuja mwenyewe Igombe kutuambia, na rangi ya chuma bado mikononi.

Saa nayo niliichagua kwa ajili yao. Fundi mchana anavaa miwani ya kuchomelea na simu iko kabatini, kwa hiyo niliposti saa kumi na mbili na nusu jioni. Nahodha alinipa kazi zaidi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani za karabai, sasa nyingi za sola. Siku za giza nahodha usiku yuko majini na mchana amelala. Mbalamwezi ikikaza, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa. Hizo ndizo siku za kumtagi. Anakuwa na muda wa kusoma, kujibu, na kutuma picha zake mwenyewe. Nikiwa na posti inayomhusu na mwezi umeshaanza kupungua, naisubirisha hadi mwezi ujao. Mwenyekiti mwanzoni aliona nachelewesha biashara. Alipoona nahodha akijibu maswali ya wateja yeye mwenyewe, huku akiwatumia picha ya mtumbwi na ndoo zake, akanielewa.

Nami nilibaki na simu saa nzima baada ya kuposti. Ukimwita mtu mbele ya hadhara halafu ukaondoka, umemwachia wageni wako. Kila aliyeandika alijibiwa na mimi au na mwenye jina.

Oda yetu ilipita kwa mzee. Hakuandika mengi LinkedIn, aliandika tu: "Nilikuwepo. Walijifunza haraka." Mtu anayesimamia jiko la shule ya bweni Dodoma, anayemfahamu, aliiona komenti hiyo akaniandikia inboksi akiomba sampuli. Tulimtumia kilo 5 kwa basi. Sasa anachukua kilo 60 kila mwezi wa masomo. Mzee hakuthibitisha bidhaa. Alisema alichokiona kwa macho yake, kwa hiari yake, kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe, na mnunuzi aliyaamini kuliko kama ningepachika majina 24.

Instagram inaruhusu kutagi hadi watu 20 kwenye picha moja, LinkedIn hadi 30. Sijawahi tena kupita watano.

Siku hizi nina daftari la mistari, la kawaida la shilingi elfu moja. Upande wa kushoto jina, kisha mtandao anaoutumia, kisha alichokubali: picha ndiyo, jina ndiyo, mahali hapana. Nayaandika kwa maneno yao wenyewe na tarehe. Wakibadilisha mawazo nakata mstari, naandika upya. Kuna mama wawili ambao mistari yao imekatwa mara tatu, na mara zote tatu nimefuata.

Wiki hii tumepeleka mzigo Geita kwa kirikuu cha kukodi, tukapita Daraja la Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Zamani hapo tulikuwa tunakaa foleni ya kivuko na dagaa juani, leo ni dakika chache. Dereva ndiye aliyeshauri tufunge mzigo kwa turubai mbili, la chini kwa ajili ya unyevu wa ziwa. Nimeshaandika sentensi yake, nimemtumia pamoja na picha, nimemuuliza kama naweza kumtagi. Alama mbili za WhatsApp zimegeuka bluu tangu jana jioni, bado hajajibu. Picha ipo kwenye simu. Kesho nitampigia.