Mafuta yangu ya mrehani hayana mshumaa

Mnunuzi alitoka Kisumu, akainua chupa juani, akaona chenga nyeupe chini, akaniambia, "Mama, hapa umeyeyusha mshumaa." Nilikasirika hadi nikasahau kumkaribisha chai.

Sisi wa kando ya msitu wa Kakamega tunaujua mrehani huu, ule ambao wataalamu huuita Ocimum kilimandscharicum. Majani yake yamejaa kafuri, ileile inayopanda puani ukipakwa dawa ya kuchua. Kafuri peke yake huchemka kwenye digrii 204, lakini ukipitisha mvuke kwenye majani hufuatana nao hata kabla ya digrii 100. Ikipoa, inaganda, na ndiyo zile chenga nyeupe. Jirani yangu anayejiita fundi (sisemi alijifunzia wapi kutega bomba kwenye pipa) alinishikilia niweke barafu kwenye maji ya kupozea bomba la mvuke. Bomba likaziba, kifuniko cha pipa kikaanza kurukaruka, mimi huyoo nje! Siku hizi naacha maji yawe vuguvugu, na halizibi tena.

Basi, ili nimwonyeshe yule mnunuzi, nikachukua bakuli mbili za kioo, nikaziosha kwa sabuni na kuzisuuza mpaka mikono ikachoka, maana hata alama ya mafuta huharibu mchezo. Nikamimina maji safi. Zile chenga nikazibana ndani ya karatasi ya choo hadi zikakauka, nikadondosha vipande vichache. Weee! Vilikimbia juu ya maji, vikazunguka kama siafu waliomwagiwa majivu. Kwenye bakuli la pili nikakwangua mshumaa wa dukani. Ukaelea tu, hauna habari. "Sasa, baba, gusa maji ya kwanza kwa kidole chenye mafuta, kile ulichoshikia chupa." Akagusa. Kafuri ikasimama papo hapo. Hakuwa na neno.

Hata hivyo alipeleka sampuli maabara, kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, ile inayotenganisha na kupima vilivyomo ndani ya mafuta. Elfu kadhaa hizo, na zilitoka mfukoni mwake. Karatasi ikarudi: kafuri zaidi ya nusu, kisha sineoli, limonene na kamfini, vitu vingine vya harufu vya majani hayo. Mshumaa wapi!

Ukijaribu kwako, tumia chupa za kioo zenye rangi, uzifunge kabisa, na uziweke mbali na watoto: kafuri ikimezwa huleta degedege.

Bei hakuipandisha hata shilingi. Ila sasa analipa siku hiyohiyo.