Mechi Huanzia Gatini

Mwaka jana niliombwa kuingia katika kamati ya maandalizi ya fainali ya kombe la vijana hapa Lamu, na kazi niliyokabidhiwa ilionekana ndogo machoni pa wenzangu: kusimamia watu watakaoingia na kutoka kisiwani siku ya mchezo. Wengine walipewa zawadi, marefarii, maji ya kunywa na vipaza sauti. Mimi nilipewa gati. Nilidhani kwamba mashabiki wakishateremka salama shughuli yangu itakuwa imekwisha, nami nitakwenda kuutazama mpira kama mtu mwingine yeyote.

Walikuja kutoka Shela, Matondoni, Kipungani na Manda, na mashua kadhaa zilitoka upande wa Pate na Faza zikiwa zimejaa watu wanaoimba. Ilikuwa bamvua, wakati maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji yalikuwa yakijaa alasiri ile, vyombo vikaegemea karibu kabisa na vidato vya juu vya ngazi, na hata akina mama wazee walipanda kwa hatua moja bila kushikwa mkono. Ami yangu, ambaye amekuwa nahodha tangu kabla sijazaliwa, alisimama kando yangu akitazama. Akanambia, "Mwanangu, kuja si kazi. Je, watarudi saa ngapi?" Nilimjibu kwamba watarudi mpira ukiisha, nikakimbilia uwanjani.

Fainali ilitoka sare, ikaingia dakika za nyongeza, kisha penalti. Kwa mtazamaji wa mjini hiyo ni raha isiyo na kifani, lakini kwa mtu wa Faza ni jambo jingine, kwa sababu mashua yake hupita katika mkondo wa Mkanda, na Mkanda haungoji mtu: maji yakishapwa, chombo hukaa matopeni mpaka yajae tena. Kwa hiyo penalti ya mwisho ilipoingia, mamia ya watu hawakungoja hata kombe likabidhiwe. Waliteremka kwa pamoja kupitia vichochoro viwili ambavyo punda wawili wenye mizigo hawawezi kupishana, wakafika gatini giza likiingia, wakati mkondo wa maji yanayopwa umeshika kasi, vidato vya juu havifikiki kutoka botini na vya chini vimefunikwa na ukoga wa kijani. Pa kupandia palikuwa mahali pamoja tu. Waliokuwa mbele walikuwa wamesimama wakiogopa kuteleza. Waliokuwa nyuma hawakulijua hilo, wakawa wanasukuma. Mvulana wa miaka minane hivi aliponyoka mkononi mwa dada yake akaangukia kati ya boti mbili. Baharia mmoja alimdaka kwa ukosi wa jezi na kumvuta juu kabla boti hazijagongana. Alitoka mzima, akikohoa, kiatu kimoja kimekwenda na maji. Kinachonirudia usiku ni mkono wa yule dada: ulibaki umenyooshwa vilevile, vidole vimekunjwa, kana kwamba bado umeshika kitu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu namna michezo mikubwa inavyopangwa, na nimeshawishika kwamba mlinzi wa kwanza wa uwanja ni yule anayepanga usafiri. Askari wa langoni hupokea tu matokeo ya kazi ya mtu huyo, ziwe njema au mbaya.

Chukua mkasa wa uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989. Mashabiki wa Liverpool wapatao 10,100 wenye tiketi za kusimama walielekezwa upande mmoja wa uwanja uliokuwa na milango ya kuzunguka saba tu kwa ajili yao. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza unakadiria kwamba mlango mmoja wa namna hiyo haupaswi kuhesabiwa kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Mtu yeyote anaweza kuifanya hesabu hiyo kwenye karatasi ya sigara: milango saba hupitisha watu 4,620 kwa saa, maana yake watu wale walihitaji zaidi ya saa mbili kuingia, hata kama kila mlango ungefanya kazi bila kusita na hata kama wangefika mmoja mmoja kwa utaratibu. Lakini watu hawafiki hivyo. Mchezo ulipangwa kuanza saa tisa alasiri. Saa nane na dakika 52 polisi walifungua lango kubwa la kutokea ili kupunguza msongamano wa nje, na umati ukamiminika kupitia njia ya chini iliyowafikisha kwenye vizimba vya katikati ambavyo tayari vilikuwa vimefurika. Watu 97 walipoteza maisha, na kwa miaka mingi lawama ziliwekwa juu ya mashabiki, mpaka mwaka 2016 jopo la uchunguzi wa vifo lilipoamua kwamba 96 waliokuwa wamekufa kufikia wakati huo waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Mchezo ule haukucheleweshwa kuanza. Ninaposoma habari hizo, hapo ndipo ninaposimama kila mara, kwa kuwa kusogeza kipenga mbele kwa nusu saa hakuna gharama inayoweza kulinganishwa na maiti mmoja.

Mfano ulio wazi zaidi wa namna barabara inavyozaa hatari ya langoni ni fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya tarehe 28 Mei 2022, kati ya Liverpool na Real Madrid, katika uwanja wa Stade de France karibu na Paris. Siku hiyo kulikuwa na mgomo kwenye njia ya treni ya RER B, mojawapo ya njia mbili kuu za kufika uwanjani, kwa hiyo maelfu wakaingia RER D. Treni hiyo huwashusha watu upande ambao njia yake ya miguu hupita chini ya barabara kuu na kuishia kwenye mteremko mwembamba, na papo hapo kwenye mteremko pakawekwa ukaguzi wa tiketi. Yaani kilichobadilika ni treni tu, na kwa badiliko hilo sehemu iliyopangiwa watu wachache ikapokea umati. Wazee, watoto na watu wenye ulemavu walibanwa kwa saa nzima na zaidi, vitoa machozi vikarushwa, mchezo ukachelewa kwa zaidi ya nusu saa. Hakuna aliyefariki. Uchunguzi huru uliotolewa Februari 2023 uliibebesha UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, lawama ya kwanza, baada ya wakuu wa serikali ya Ufaransa kuwa wamekwisha kuwalaumu mashabiki na tiketi bandia.

Kuna mechi nyingine ambayo siwezi kuitaja bila uchungu. Tarehe 24 Januari 2022, Kameruni ilicheza na Komoro katika Kombe la Mataifa ya Afrika, kwenye uwanja wa Olembe mjini Yaoundé. Sisi wa Lamu tulikuwa na sababu zetu za kuutazama mchezo huo, kwa kuwa Ngazija, kisiwa kikuu cha Komoro, na hapa ni ndugu wa tangu na tangu. Habib Swaleh mwenyewe, mwanzilishi wa msikiti wa Riyadha, asili yake ni huko. Komoro hawakuwa na kipa, wakamweka langoni Chaker Alhadhur, ambaye ni beki, naye akaokoa mikwaju ambayo makipa wa kazi wangejivunia. Youssouf M'Changama alipofunga mpira wa adhabu kutoka mbali, barazani kwetu watu walikumbatiana ingawa timu ilikuwa nyuma kwa mabao mawili kwa moja. Tulikwenda kulala na furaha ya ajabu, kisha tukasikia kwamba kabla ya mechi watu wanane walikuwa wamekufa kwa kukanyagana mlangoni. Rais wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Patrice Motsepe, alisema lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Lango moja tu.

Kuhusu vitoa machozi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ushahidi ni mwingi kuliko unavyohitajika. Accra, tarehe 9 Mei 2001, polisi walirusha gesi hiyo kwenye majukwaa, watu wakakimbilia milango iliyofungwa, na zaidi ya 120 wakafa. Kanjuruhan, Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, yakawa yaleyale, na waliokufa ni 135. Kanuni za FIFA za usalama wa viwanja zinakataza gesi hiyo kubebwa au kutumiwa na wanaosimamia mashabiki. Anayeirusha ndani ya uwanja anawaamuru watu wakimbie mahali ambapo hapana pa kukimbilia.

Kenya haikosi mafunzo yake yenyewe. Mwezi Oktoba 2010 watu saba walikufa katika mkanyagano kwenye uwanja wa Nyayo siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Agosti 2025, wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, watu wasio na tiketi walivunja vizuizi na kuingia Kasarani, hata CAF ikaagiza idadi ya watazamaji wa Harambee Stars hapo ipunguzwe hadi 27,000 katika uwanja unaobeba takriban 48,000. Niliona uchungu wa wenye tiketi, lakini niliona pia kwamba adhabu ilikuwa ya haki. Mwenye tiketi anayefika langoni akakuta kiti chake kimekaliwa na aliyeruka ukuta atajifunza kuruka ukuta.

Sasa tunaelekea mwaka 2027, ambapo Kombe la Mataifa ya Afrika litaandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na uwanja mpya wa Talanta kando ya Barabara ya Ngong umekusudiwa kubeba watu 60,000. Nimeifanya hesabu yake kwa namna ya nahodha. Watu 60,000 wakija kwa matatu za abiria 14 ni safari 4,286; kwa mabasi ya abiria 50 ni safari 1,200. Mabasi hayo yatasimama wapi mchezo ukiendelea? Nani atawazuia manamba wasiwaite abiria katikati ya njia ya kutokea? Nauli itabaki ileile saa tano za usiku, au itapandishwa mara tatu kwa sababu abiria hana la kufanya? Mtu akishaona kwamba gari la mwisho lina hatari ya kumwacha, ataondoka mbio, na mbio za mtu mmoja zikizidishwa kwa elfu kumi kwenye ngazi moja huua. Ndivyo ilivyokuwa Ibrox, Glasgow, tarehe 2 Januari 1971, ambapo watu 66 walikufa kwenye ngazi za kutokea, mchezo ukiwa unamalizika na kila mmoja anarudi kwake. Ujerumani mwaka 2006 iliifanya tiketi ya Kombe la Dunia kuwa pia nauli ya usafiri wa umma wa mji kwa siku ya mchezo, na sioni kwa nini nasi tusizungumze na wenye matatu mapema, tukawalipa, tukawapangia steji zao na kuwaandikia zamu.

Neno moja zaidi, na hili ni la kwetu. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014, Kombe la Dunia likiwa linaendelea Brazili, Mpeketoni, katika kaunti yetu hii ya Lamu, ilivamiwa watu wakiwa kwenye mpira, na katika siku mbili zaidi ya watu 60 wakauawa. Miaka minne kabla yake, Kampala ilipoteza watu wasiopungua 74 katika milipuko ya usiku wa fainali, tarehe 11 Julai 2010, mmoja wa mahali palipolipuliwa pakiwa ni klabu ya raga ambako watu walikuwa wamekusanyika mbele ya skrini. Kwa hiyo mpango wa ulinzi wa mwaka 2027 ukiishia kwenye ukuta wa uwanja, utakuwa umewaacha nje mashabiki walio wengi, kwani wengi wetu tutautazama mpira kwenye kumbi, mabaraza na viwanja vya vijiji, mbali na Nairobi. Kila mahali pa kutazamia panahitaji angalau milango miwili iliyo wazi, taa njiani, na mtu anayejulikana na kituo cha polisi kwa jina na kwa nambari ya simu.

Fainali yetu ya mwaka huu nayo imekaribia. Nimeomba nipewe gati tena, na safari hii wenzangu wamenisikiliza. Mchezo utaanza saa tisa alasiri badala ya saa kumi na nusu, katika Jumamosi ya bamvua ambayo maji yatajaa kabla ya saa kumi na moja, ili wanaorudi wavikute vidato vya juu. Hakutakuwa na dakika za nyongeza. Sare itakwenda moja kwa moja kwenye penalti. Watu wa Pate na Faza watapita kichochoro chao peke yao na kuondoka kwanza, na wa Shela, ambao hata kwa miguu wanafika, watabaki kuangalia kombe likikabidhiwa. Tumepata kamba nene za kugawa foleni, na taa nne za sola zitakazofungwa juu ya ngazi. Ami atasimama kwenye kidato cha chini, kwa kuwa hakuna nahodha atakayebishana naye akisema chombo kimejaa, nami nitakaa juu na daftari la kuandika idadi ya watu wa kila mashua inapofika na inapoondoka. Daftari nimekwisha kulinunua, na kwenye ukurasa wa kwanza nimechora safu mbili.