Siku moja maishani mwangu: nachukua damu Kibirizi

Saa 11 alfajiri. Naamka kabla ya adhana. Ratiba ya wiki hii kaipanga mwezi: ukiwa mpevu, dagaa hawafuati taa, mitumbwi haitoki, na wavuvi wa Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, unawakuta majumbani. Usiku wa giza wako katikati ya ziwa, wakirudi wameshakula. Nakusanya damu ya utafiti, na ya kupima sukari na mafuta nataka ya mtu aliyelala bila kula.

Saa 1. Nyumba ya kwanza, mwenyewe kanywa chai na maandazi mawili. "Maandazi nayo ni chakula?" Basi, nitarudi kesho.

Saa 2 na nusu. Mzee wa miaka 71, mvuvi mstaafu. Shikamoo, marahaba, naletewa kigoda. Presha mara tatu, kiuno, kisha fomu ya ridhaa. Hapa ndipo saa zangu zinapoliwa.

"Damu mnaipeleka wapi, mwanangu? Sisi tumekua tukisikia mumiani."

Inakaa kwenye friza, nyuzi 80 chini ya sifuri, miaka na miaka, isubiri maswali ambayo leo hakuna aliyeyauliza.

"Wazungu hawana damu?"

Wanayo, mzee, tena wameshaiweka. UK Biobank, hifadhi ya damu na taarifa za afya ya Uingereza, iliandikisha watu kama 500,000 kati ya 2006 na 2010, karibu wote wenye asili ya Ulaya. Makadirio ya hatari ya kurithi magonjwa yaliyotengenezwa kwa damu yao, ukiyaleta huku yanakosea zaidi.

Ananiambia kaka yake alikufa kwa figo. Nachukua kijiti, nachora mchangani. Malale unayakumbuka? Anayakumbuka, na mbung'o ndio kabisa. Kuna jeni inaitwa APOL1. Aina yake moja, G2, ukirithi nakala moja inakusaidia dhidi ya malale ya huku kwetu. Ukirithi mbili, ya baba na ya mama, hatari ya figo inapanda, ingawa wengi wenye nazo hawaugui. Habari ya figo iligunduliwa 2010, kwa damu ya Wamarekani Weusi.

"Kama selimundu na malaria," anasema. Ana mjukuu mwenye selimundu: nako nakala moja inakinga malaria, mbili ni ugonjwa. Mimi huwa natumia dakika kumi kufika hapo.

"Sasa mimi ninazo?"

Majibu ya presha na sukari utapata. Ya vinasaba hapana, fomu inasema hivyo. Sentensi hii siipendi, na sijapata namna ya kuisema ikawa tamu. Ananyamaza, anatazama mchoro, anaweka dole gumba.

"Andika basi kwamba nimeuliza."

Saa 6. Maabara. Sentrifyuji ikishaizungusha damu, plasma, yaani majimaji yake, inakaa juu, chembe nyekundu chini, katikati utando mweupe mwembamba kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. DNA tunaitoa humo, maana chembe nyekundu hazina kiini. Maji ya barafu yamebandua stika za majina kwenye mirija miwili ya damu. Moja naitambua. Ya pili nabahatisha, na kubahatisha hakuruhusiwi. Naimwaga. Mtu kanipa mkono wake asubuhi, nami namwaga.

Saa 9 umeme unakatika, jenereta inawaka. Ugali, migebuka, usingizi kidogo mezani.

Saa 12 jioni. Najaza kishikwambi. Kisanduku cha maoni huwa nakiacha tupu. Leo naandika: ameuliza kama anazo.