Nilianzia miguuni: mafuta ya uto na hofu iliyokaa shingoni

Aliyenivamia alinikaba shingo kwa nyuma. Ilikuwa saa moja na nusu jioni, hapa Ngara, Nairobi, nikihesabu floti ya M-Pesa kabla ya kufunga kibanda. Pesa alizochukua nilizilipa kidogo kidogo, zikaisha baada ya miezi minne. Shingo ndiyo haikunirudia. Baridi ya Julai ilinikuta shingo wazi kwa sababu mtandio ukinigusa tu kooni pumzi zilikatika. Msusi wangu aliponishika kisogoni niliruka mpaka kitana kikamtoka mkononi, na tangu siku hiyo nikaacha kusuka. Kisha mwanangu wa miaka sita, ambaye kila nikirudi nyumbani hunirukia mgongoni, alinirukia kama kawaida yake. Nilimsukuma akaanguka.

Asubuhi yake nilikwenda hospitali ya serikali kutafuta mshauri nasaha.

Yule mama alinisaidia sana, nami naendelea kumwona. Ndiye aliyenipa neno kiwewe, akanieleza kwamba mwili wangu bado unailinda ile jioni kana kwamba haijapita. Kwa mazungumzo yetu ya Alhamisi niliweza tena kulala mpaka saa kumi, badala ya kukodoa macho gizani tangu saa nane. Kichwa kilielewa. Ngozi ndiyo iliyokataa kusikia.

Mafuta yaliletwa na Masi. Ni mteja wangu wa siku nyingi, mama wa Kigujarati aliyezaliwa papa hapa Ngara, amepita miaka sabini. Aliona jinsi ninavyohudumia watu nikiwa nimeubana mgongo ukutani. "Binti," akaniambia, "wewe umeingiwa na upepo."

Hakuwa na maana ya pepo. Katika Ayurveda, tiba ya kale ya India, mwili huendeshwa na nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Vata ni ya upepo: kavu, baridi, nyepesi, haitulii. Hofu, kukosa usingizi na mawazo yanayokimbia huhesabiwa kuwa ni vata iliyozidi, na kitu hutulizwa kwa kinyume chake. Kinyume cha upepo ni kilicho kizito, chenye joto, kinacholainisha. Ndiyo maana mafuta, hasa ya ufuta. Halafu Masi akanipa neno la Kisanskriti, sneha, ambalo maana yake ni mafuta na pia ni upendo. Nililipenda neno hilo kabla sijaiamini tiba yenyewe.

Wala halikuwa jambo geni kwangu. Nimekulia Mombasa, na nyanya yangu alikuwa akiitwa kuwachua wanawake waliojifungua. Mafuta ya ufuta tunayaita uto kule kwetu; Nairobi ukisema uto watu wanakutazama, sema simsim.

Kosa langu la kwanza ni kukimbilia kile kinachosifiwa zaidi. Nilikwenda mahali fulani Westlands kufanyiwa shirodhara: unalala chali, chungu chenye tundu kinaning'inizwa juu yako, na uzi mwembamba wa mafuta ya vuguvugu unamiminika kwenye paji la uso, ukienda kushoto na kulia bila kukatika. Wapo wanaolala usingizi mzito hapo hapo. Mimi nilifunikwa macho kwa kitambaa, na mtu nisiyemjua akasimama nyuma ya kichwa changu. Hakuna aliyeniuliza nimepitia nini. Niliketi ghafla, mafuta yakanitiririka hadi masikioni, nikalia kwenye matatu mpaka Ngara.

Nilipomsimulia mshauri, aliniuliza swali moja tu: ni mikono ya nani ambayo mwili wako hauiogopi? Yangu.

Basi nikaanza abhyanga, yaani kujipaka na kujichua mwenyewe, na nikaanzia mbali kabisa na shingo. Wiki mbili za mwanzo nilipaka nyayo tu, kabla ya kulala. Nilitumia mafuta meupe ya ufuta mbichi. Yale meusi ni ya ufuta uliokaangwa, yanafaa jikoni na yatakunukisha chakula usiku kucha. Mafuta hayapashwi motoni. Natia chupa ndogo kwenye bakuli la maji ya moto, nasubiri, najaribu tone moja kwenye kifundo cha mkono. Kisha kiti naegemeza ukutani, mlango nauona, nachukua mguu mmoja: kisigino, unyayo, kidole kimoja kimoja. Polepole kuliko unavyodhani. Nikikimbiza mikono, moyo nao unakimbia.

Baadaye nikapanda hadi magotini, kisha mikono. Kwenye mifupa mirefu unavuta moja kwa moja, kwenye viungo unazungusha. Jumapili nikawa napaka mwili mzima isipokuwa shingo, nakaa robo saa nimejifunga leso kuukuu, ndipo naoga kwa maji ya moto. Sabuni inakausha, unga wa dengu uliokorogwa na maji unatoa mafuta vizuri na ngozi inabaki laini. Sakafu ya bafu huteleza vibaya, kwa hiyo tandika kitu. Na kama mtaa wenu maji ni ya mgao, chota kwanza ndipo ujipake.

Zamu ya shingo ilifika katika mwezi wa tatu wa kujipaka. Siku ya kwanza niliweka kiganja tu, bila mafuta, nikapumua mara tatu, nikakitoa. Nilikitoa mimi mwenyewe, wakati nilipotaka. Hilo ndilo lililokuwa limenyakuliwa jioni ile.

Sisemi mafuta yameniponya. Utafiti kuhusu mafuta haya na kiwewe bado ni mchache, na bila zile Alhamisi sidhani ningefika popote. Dawa za kumeza za Ayurveda sikuzigusa, kwa sababu baadhi zimewahi kukutwa na madini ya risasi na zebaki. Jaribu kwanza mafuta kidogo mkononi, maana wapo wanaodhurika na ufuta. Usijichue ukiwa na homa, wala juu ya kidonda, wala tumbo likiwa limejaa. Mjamzito amuulize daktari.

Kusuka bado. Nimeongea na msusi, amekubali kiti kielekee mlangoni, lakini siku yenyewe sijaipanga.

Juzi usiku mwanangu alinikuta na bakuli langu, akataka naye apakwe miguu. Nikampaka, akacheka kwa kutekenyeka. Kisha akaniuliza, "Mama, nikupake na wewe shingoni?" Nikamwambia apite mbele, nimwone. Akapita mbele. Mikono yake ilikuwa na joto, imelowa uto mpaka vifundoni. Nilihesabu pumzi sita kabla sijamwambia inatosha.