PCOS yangu: chai, dona na miguu

Nina PCOS, hali ya homoni inayozuia mayai kupevuka vizuri kwenye ovari, na hedhi yangu ilikuwa inakuja inapotaka. Ikipita miezi mitatu bila kuonekana, shangazi anauliza kama kuna habari njema, na wifi ananiletea namba ya mama anayeuza unga wa kusafisha kizazi na kusawazisha homoni. Unga huo sikuwahi kuununua. Mwili una homoni chungu nzima, na hakuna muuzaji aliyeweza kuniambia anasawazisha ipi.

Hiyo ipi niliijulia kliniki ya wanawake hapa Dar es Salaam. Daktari alianza kwa kuondoa mengine: mimba, tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa). Kisha sukari kabla ya kula, na ultrasaundi. Akanieleza kuwa PCOS ina dalili kuu tatu, na mbili zikitimia inatosha: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi (kwangu zilijionyesha kwa ndevu za kidevuni na chunusi), na ovari zenye vifuko vingi vidogo. Vifuko hivyo si uvimbe wa kukatwa. Ni mayai yaliyoanza kukua yakakwama.

Kiini chake kwangu kilikuwa insulini, homoni inayoitoa sukari damuni na kuiingiza mwilini. Wengi wenye PCOS miili yao haiitikii insulini vizuri, basi kongosho linaimwaga zaidi. Ikijaa damuni, inazichochea ovari kutengeneza testosteroni, ile homoni ya kiume, kwa wingi, na ini nalo linapunguza protini inayoishika testosteroni hiyo, kwa hiyo inayozunguka huru inaongezeka. Yai halipevuki, hedhi haiji. Baada ya maelezo hayo, chai yangu ya asubuhi, yenye sukari ya kujaa na maandazi pembeni, ilinitazama vibaya.

Ugali sikuacha, na atakayeniambia niuache tutakosana. Nilitoka kwenye sembe nikaenda kwenye dona, nikapunguza kiasi, na pengo likazibwa na maharage, mbaazi au choroko. Mchicha, matembele na bamia nakula ninavyotaka. Dagaa hawakosi. Wali wa nazi Jumapili upo, ila naanza na samaki na kachumbari, wali unafuata ukikuta tumbo lina kitu. Asubuhi ni mayai na kipande cha kiazi kitamu. Kazi kubwa ilikuwa sukari ya chai, niliishusha taratibu mpaka mama mkwe akaonja kikombe changu akasema, "Mwanangu, haya si maji ya moto tu?" Sasa naweka tangawizi na mdalasini kwa ajili ya ladha, si kwa imani kwamba mdalasini unaponya. Soda na juisi ya miwa nimeziachia wengine.

Mwendo nao ni dawa yenyewe. Msuli unaofanya kazi hufyonza sukari kutoka damuni hata kama insulini haiitikiwi, ndiyo maana kutembea baada ya kula kuna faida yake. Nashuka daladala mapema natembea hadi nyumbani. Lengo ni dakika 150 kwa wiki. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupungua asilimia 5 tu kunaweza kurudisha upevukaji wa yai. Kwa mwenye kilo 80, hizo ni kilo 4. Wembamba pia hupata PCOS, kwa hiyo tusiwaambie kina dada wote wapungue.

Vidonge vilikuwepo pia. Nilitumia metfomini, dawa inayosaidia mwili kuitikia insulini, pamoja na chakula, maana bila chakula tumbo lilinivuruga. Na kabla chakula hakijaleta mabadiliko, daktari alinipa vidonge vya homoni ya projesteroni ili hedhi itoke. Ukuta wa kizazi ukikaa muda mrefu bila kumwagika unazidi kuwa mnene, na miaka ikienda unaweza kugeuka saratani. Hilo halisubiri matembele.

Siku hizi tarehe zangu zinakisika. Kwa wanaoanza safari hii: yai hupevuka kabla ya damu kutoka, kwa hiyo unaweza kushika mimba kabla hujaona hedhi imerudi. Kama huitaki, jikinge mapema. Sukari nitaendelea kupima, kwa kuwa PCOS huongeza uwezekano wa kisukari.

Chunusi zimepungua. Ndevu bado zipo. Hata dawa zake huchukua kama miezi sita kuonyesha tofauti. Nanyoa kwa wembe, na hapana, kunyoa hakuzifanyi ziwe nene zaidi.