Magunia Matatu ya Mjomba

Nilikuwa darasa la sita huko Newala wakati mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka mazao ghalani, akapewa stakabadhi na kulipwa baada ya kuuzwa, na ulioanza kutumika mkoani Mtwara mwaka 2007, ulipokuwa bado mgeni kwa wakulima wengi. Watu waliozoea kuuza korosho na kulipwa papo hapo sasa walipokea karatasi yenye makato, ambayo wengi wao hawakuwa na namna ya kuyahakiki. Jioni moja mjomba, ambaye katika ukoo wetu neno lake ndilo la mwisho, alinikabidhi karatasi yake akasema, "Mpwa wangu, hebu ipige upya hii hesabu."

Magunia yake matatu yalikuwa na kilo 78, 81 na 76. Bei ilikuwa shilingi 600 kwa kilo, makato shilingi 45 kwa kila kilo, na malipo yaliyoandikwa ni shilingi 124,875.

Mwalimu wetu hakupokea jibu lisilo na njia, hata likiwa sahihi, kwa hiyo niliandika kila hatua: (78 + 81 + 76) × (600 − 45). Kwa kanuni ya MAGAZIJUTO, yaani mpangilio wa matendo ya hesabu, mabano hutangulia, nami nikaanza na lile jepesi, nikapata 555. Katika bano la kwanza, mamoja yalikuwa 8, 1 na 6, jumla 15. Nikaandika 5 na kupeleka 1 kwenye makumi. Makumi yalikuwa 7, 8 na 7, yaani 22, na ile 1 ikayafanya 23. Jumla ikawa kilo 235, ilhali karatasi ilisema 225. Nikazidisha 555 kwa 200, kwa 30 na kwa 5, nikapata 111,000, 16,650 na 2,775, ambazo kwa pamoja ni 130,425. Zilipungua shilingi 5,550, yaani thamani ya kilo 10 kamili.

Asubuhi tulikwenda kwenye chama cha ushirika kilichotoa ile karatasi. Karani, kijana mstaarabu tu, alichukua kikokotoo akazidisha 225 kwa 555, na jibu likawa lilelile la kwake, kwani kikokotoo hakikuwa na kosa lolote. Mjomba hakubishana naye. Alilifungua daftari langu, akaweka kidole juu ya ile 1 iliyopelekwa kwenye makumi, akamwomba ajumlishe upya kwa mkono. Karani alijumlisha, akatazama tena, akaikata ile 225 kwa kalamu nyekundu.

Tangu jioni ile majirani walianza kuleta karatasi zao barazani kwetu. Nyingi zilikuwa sahihi, lakini mjomba hakukubali nimwambie mtu hivyo kabla sijamwandikia njia yote.